Kusoma Tu: Nani Anazuiwa, Nani Anapita

Seva ya MySQL, programu ya kuhifadhi na kusimamia data, inaweza kuwekwa katika hali ya kusoma tu, timu nzima ikajua hivyo, na bado mtu mmoja akaingiza rekodi mpya bila kuzuiwa. Hiyo si hitilafu. Seva imetengenezwa hivyo, na mwongozo wake unaeleza wazi ni nani anayepita. Shida ni kwamba maelezo hayo hukaa mbali na mahali uamuzi unapofanyika. Anayeunda akaunti asubuhi hafikirii hali ya seva, na anayefunga seva usiku hakumbuki akaunti ile iliundwa na haki gani. Uharibifu mkubwa wa data huzaliwa katikati ya watu hao wawili.

Tuyatenganishe mambo kwanza. Yapo maswali mawili, na kila moja lina sehemu yake ndani ya seva. La kwanza: seva hii, kwa sasa, inapokea mabadiliko? Hilo ni swali la hali. La pili: mtu huyu, aliyeingia kwa akaunti hii, ameruhusiwa kubadilisha kitu hiki? Hilo ni swali la haki. Soko likifungwa kwa ajili ya usafi, mwenye leseni na asiye nayo wote hawauzi siku hiyo. Mfanyabiashara mmoja akinyang'anywa leseni, soko linaendelea bila yeye. Mambo yangebaki hivyo tu, kusingekuwa na cha kufafanua. Lakini katika MySQL hali ya kusoma tu, kabla ya kukataa amri, huangalia kwanza mtumiaji ana haki gani. Swali la kwanza linajibiwa kwa kutazama jibu la swali la pili, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Nyota moja

Akaunti ya MySQL si jina peke yake. Ni jina pamoja na mahali mtu anapotokea. 'juma'@'localhost' (kutoka ndani ya seva yenyewe) na 'juma'@'%' (kutoka popote) ni akaunti mbili, zenye manenosiri mawili na orodha mbili za haki, hata kama Juma ni yule yule. Anapoingia, seva huchagua akaunti ambayo mahali pake pametajwa kwa umahususi zaidi. Kwa hiyo msimamizi anaweza kupunguza haki za 'juma'@'%' akaridhika, kumbe Juma anapofanya kazi ndani ya seva yenyewe anatumia akaunti ya localhost, ambayo hakuna aliyeigusa.

Haki zenyewe hutolewa kwa ngazi: seva nzima, hifadhidata moja, jedwali moja, hata safu wima moja moja ndani ya jedwali. Na hujumlishwa. Ukipewa SELECT, yaani haki ya kusoma, kwa seva nzima, huwezi kunyimwa jedwali moja huko chini, kwa sababu seva ikishapata ruhusa ngazi ya juu haishuki kutafuta kinachoikanusha. Kuanzia toleo la 8.0.16 upo mpangilio wa partial_revokes unaowezesha kuchomoa hifadhidata moja kutoka kwenye haki ya seva nzima, ila huja ukiwa umezimwa.

Sasa linganisha amri hizi mbili za kutoa haki, ambamo nyota ina maana ya "zote":

GRANT ALL PRIVILEGES ON duka.* TO 'programu'@'10.0.0.%';

GRANT ALL PRIVILEGES ON *.* TO 'programu'@'10.0.0.%';

Kwa jicho la haraka, tofauti ni neno "duka" kugeuka nyota. Ya kwanza inatoa mamlaka yote juu ya hifadhidata ya duka: kusoma, kuandika, hata kuifuta. Ni mamlaka makubwa, lakini yana mpaka. Ya pili inaongeza haki ambazo haziwezi kutolewa isipokuwa kwa seva nzima: FILE, inayomruhusu mtu kuandika faili kwenye diski ya seva kwa kutumia SELECT tu, PROCESS, inayomwonyesha amri za wenzake zinazoendelea, SHUTDOWN, ya kuizima seva yenyewe, na ile inayotuhusu zaidi hapa, SUPER, haki pana ya usimamizi wa seva.

Amri ya pili imejaa kwenye mafunzo ya mtandaoni kwa sababu inaondoa kila kosa la ruhusa papo hapo, na mtu anayefuata mafunzo usiku wa kukabidhi kazi anataka makosa yaondoke. Niseme bila kuzunguka: programu ya kawaida haina kazi yoyote inayohitaji SUPER. Duka la mtandaoni haliihitaji. Mfumo wa matokeo ya mitihani hauihitaji. Programu ikikataa kufanya kazi bila haki hiyo, kasoro iko kwenye programu, na aliyeiandika ndiye wa kuulizwa.

read_only na wanaopita

Hali ya kusoma tu huwashwa hivi:

SET GLOBAL read_only = ON;

Kuanzia hapo mtumiaji wa kawaida akijaribu INSERT, UPDATE, DELETE au CREATE TABLE (kuingiza, kubadilisha au kufuta rekodi, au kuunda jedwali) anarudishiwa kosa namba 1290, linalosema kwamba seva inaendeshwa kwa --read-only na kwa hiyo haiwezi kutekeleza amri yake. Kuwasha kwenyewe si lazima kuwe kwa papo hapo. Kama kuna mwingine amefunga majedwali kwa LOCK TABLES ili ayaandikie, amri yako inakaa kumsubiri ayaachie. Ukiona imeganda, tazama orodha ya walioingia kabla ya kuishuku seva.

Wanaopita walio muhimu ni makundi matatu, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni replikesheni. Matumizi makuu ya read_only ni kwenye replika, yaani seva inayofuata nyuma ya seva kuu ikirudia kila kilichobadilishwa huko. Replika inayokataa mabadiliko yanayotoka kwa seva yake kuu haina maana ya kuwepo, kwa hiyo nyuzi za replikesheni, yaani kazi za ndani ya seva zinazoleta mabadiliko hayo, hazizuiwi kamwe, si kwa mpangilio huu wala kwa ule mkali zaidi tutakaoufikia.

La pili ni majedwali ya muda. Mchambuzi wa ripoti anaweza kuunda jedwali la muda kwenye replika iliyofungwa, akalijaza, akalichambua, likapotea anapotoka. Hakuna data ya kudumu iliyoguswa. Anachohitaji ni haki ya CREATE TEMPORARY TABLES kwenye hifadhidata husika, na ni haki nzuri kumpa mtu wa ripoti, kwa sababu inamfanya aache kuomba haki kubwa zaidi.

La tatu ndilo kiini cha makala hii: yeyote mwenye SUPER. Wazo lilikuwa kwamba msimamizi anahitaji njia ya kurekebisha mambo seva ikiwa imefungwa. Ni wazo la busara pale SUPER inapokuwa ya mtu mmoja au wawili. Lakini unganisha na ile nyota. Programu iliyopewa ALL PRIVILEGES ON *.* ina SUPER, kwa hiyo kwa programu hiyo read_only haipo kabisa. Siku itakapoelekezwa kimakosa kwenye replika, labda kwa anwani iliyobaki kwenye faili la usanidi, itaandika huko kwa furaha, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo toleo la 5.7, lililotoka rasmi Oktoba 2015, lilikuja na mpangilio wa pili, super_read_only, unaowazuia hata wenye SUPER. Mipangilio hii imefungamana: ukiwasha super_read_only, read_only huwaka yenyewe, ukizima read_only, super_read_only huzimika nayo. Tulia kidogo kwenye hilo la mwisho. Mwenye haki ya kubadilisha mipangilio ya seva anaweza kujifungulia kwa amri moja. Kumbe super_read_only haimzuii msimamizi aliyedhamiria kuandika. Inamzuia msimamizi aliyesahau yuko kwenye seva ipi, akiwa na madirisha manne yamefunguliwa na yote yanafanana. Wa aina hiyo ya pili ni wengi mno kuliko wa kwanza.

Rekodi moja tu ina ubaya gani?

Swali hili huulizwa na watu wasiowahi kuona replikesheni ikisimama, na linastahili jibu kamili.

Chukua jedwali la malipo ambalo namba zake za rekodi hupanda zenyewe. Rekodi ya mwisho ni 5000, kwenye seva kuu na kwenye replika. Mtu anaingia replika kwa akaunti yenye SUPER, anaongeza malipo aliyoyaona yamesahaulika. Replika inayapa namba 5001. Dakika chache baadaye mteja mwingine kabisa analipa kupitia seva kuu, na malipo yake nayo yanapata 5001. Mabadiliko yanafika replika, replika inakuta namba hiyo imeshachukuliwa, inatoa kosa 1062 na replikesheni inasimama. Kuanzia hapo kila ripoti inayosomwa kwenye replika hiyo ni ya zamani, na inazidi kuwa ya zamani mpaka mtu agundue.

Ungeweza pia kufuta rekodi badala ya kuongeza. Seva kuu ikija kuibadilisha rekodi hiyo, replika haitaiona, na itasimama kwa kosa 1032.

Hata hivyo, kusimama ni bahati. Kosa lenye kelele hutibiwa. Kibaya zaidi ni mtu kubadilisha bei ya bidhaa moja kwenye replika. Hakuna mgongano, hakuna kosa, replikesheni inaendelea, na kuanzia siku hiyo seva mbili zinasema mambo mawili tofauti kuhusu bidhaa ile ile. Mhasibu anayesoma replika na muuzaji anayesoma seva kuu watabishana, na kila mmoja ataweza kuonyesha ushahidi.

Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013 MySQL ina GTID, utaratibu unaoupa kila muamala (kundi la mabadiliko yanayotekelezwa kwa pamoja) kitambulisho chenye asili ya seva ulikozaliwa. Umerahisisha sana kazi ya kuhamisha replika kutoka seva kuu moja kwenda nyingine, lakini umeongeza bei ya uzembe. Chochote kinachoandikwa moja kwa moja kwenye replika na kuingia katika kumbukumbu zake za mabadiliko, hata kuunda akaunti ya mtumiaji, huzaa muamala ambao seva nyingine hazina. Muamala huo unaweza kukaa hapo miezi bila kumsumbua mtu. Kisha seva kuu inaanguka, replika hiyo inapandishwa cheo, na replika nyingine zinapojiunga nayo zinadai muamala ule ambao hazijawahi kuuona. Kama kumbukumbu zilizokuwa na muamala huo zimeshafutwa ili kuokoa nafasi, replikesheni inakataa kuanza, na yote haya yanatokea usiku ule ule ambao seva kuu imeanguka.

SUPER yavunjwa vipande

Watengenezaji wa MySQL walikubali hatimaye kwamba SUPER ilikuwa imebeba mambo mengi yasiyohusiana. Toleo la 8.0, la Aprili 2018, liliitangaza kuwa haki ya zamani inayoelekea kuondolewa na kuigawa katika haki ndogo ndogo. SYSTEM_VARIABLES_ADMIN ni ya kubadilisha mipangilio ya seva. BINLOG_ADMIN inahusu kumbukumbu za mabadiliko. REPLICATION_SLAVE_ADMIN ni ya kuwasha na kuzima replikesheni. Ile inayompitisha mtu kwenye read_only imewekwa ndani ya CONNECTION_ADMIN, pamoja na uwezo wa kukata miunganisho ya wengine na wa kuingia hata seva ikiwa imejaa. Nina manung'uniko hapa. Mtu anayepewa kazi ya kukata miunganisho iliyoganda anapewa pia, bila kuambiwa, ruhusa ya kuandika kwenye replika iliyofungwa kwa read_only peke yake. Jina la haki halimdokezei chochote, wala halimdokezei aliyempa.

MariaDB, iliyozaliwa mwaka 2009 kutoka kwenye MySQL kwa mikono ya Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL yenyewe, ilichukua njia ambayo kwangu ni safi zaidi. Kuanzia toleo la 10.5 ina haki inayoitwa READ_ONLY ADMIN, yenye kazi hiyo hasa, na kuanzia 10.11 haki hiyo imeondolewa kutoka kwenye SUPER. Mwenye SUPER hapiti tena kwa sababu tu ana SUPER. Lazima mtu akae chini, afikiri, ampe ruhusa hiyo kwa jina lake. Lakini hapa pana mtego kwa wanaohama. Amri iliyofanya kazi kwenye MariaDB ya zamani inaweza kukataliwa kwenye mpya, na maelekezo ya super_read_only uliyoyasoma kwenye kitabu cha MySQL si ya kunakili MariaDB moja kwa moja.

Usichanganye haya yote na FLUSH TABLES WITH READ LOCK, amri iliyozoeleka kwa wanaochukua bakapu, yaani nakala za akiba. Hiyo ni kufuli inayoshikiliwa na muunganisho mmoja. Huwazuia wote, wenye SUPER na replikesheni wakiwemo, na hufunguka muunganisho huo ukikatika. Waliowahi kuifunga seva kwa amri hiyo wakafunga na kompyuta yao ya mkononi walifikiri seva bado imefungwa. Haikuwa.

PostgreSQL ina jibu lake

Anayehama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, hutafuta read_only na kukutana na default_transaction_read_only. Jina linafanana, maana haifanani. Neno la kuangalia ni lile la kwanza: ni chaguo-msingi tu. Ukimwekea mchambuzi hivi,

ALTER ROLE mchambuzi SET default_transaction_read_only = on;

kila muamala wake utaanza ukiwa wa kusoma tu. Lakini yeye mwenyewe, bila haki yoyote ya ziada, anaweza kuandika BEGIN READ WRITE na kizuizi kikaondoka. Ni kinga dhidi ya kuteleza kwa mkono, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Si kinga dhidi ya mtu anayetaka kuandika. Nimeona mpangilio huu ukitajwa kwenye maelezo ya usalama wa mifumo kana kwamba ni ukuta, na kila mara nimeomba uondolewe.

Ukuta wa kweli uko kwenye replika. Kuanzia toleo la 9.0, mwaka 2010, replika ya PostgreSQL inaweza kusomwa ikiwa bado inafuata seva kuu, na katika hali hiyo hakuna anayeandika. Msimamizi mkuu mwenyewe hawezi. Hawezi kwa sababu ya jinsi replika inavyoishi: inarudia kumbukumbu za seva kuu hatua kwa hatua hadi kwenye kurasa za diski, na haina nafasi ya kuchomeka chake katikati. Hata jedwali la muda haliruhusiwi, jambo linalowakera waandishi wa ripoti waliozoea MySQL. Kuna bei nyingine pia. Ripoti ndefu kwenye replika inaweza kukatizwa katikati kwa sababu seva kuu imefuta matoleo ya zamani ya rekodi ambazo ripoti bado inazitazama. Kwa mpangilio wa kawaida replika huvumilia sekunde 30 tu kabla ya kukatiza.

Upande wa haki, PostgreSQL ilikuwa na tundu lake kwa miaka mingi. Kila mtumiaji, hata yule uliyemwita wa kusoma tu, aliweza kuunda majedwali kwenye skima ya public. Toleo la 15, la 2022, liliziba tundu hilo kwa hifadhidata mpya. Hifadhidata zilizopandishwa kutoka matoleo ya nyuma hubeba haki zao za zamani, kwa hiyo ukizirithi, zitazame. Na GRANT SELECT ON ALL TABLES hugusa majedwali yaliyopo wakati huo tu. Kesho msanidi akiongeza jedwali, msomaji wako hatalisoma mpaka uwe umetumia ALTER DEFAULT PRIVILEGES, au umempa jukumu la pg_read_all_data lililoletwa na toleo la 14, ambalo kwa upande wake humfungulia kila kitu bila kubagua.

Pale hali inapofanya kazi yake

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua unaonekana na kila anayehariri Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo. Wikimedia huendesha hifadhidata zake kwa MariaDB katika vituo viwili vikuu vya data, kimoja jimbo la Virginia na kingine Texas, na mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, huhamisha kazi ya uandishi kutoka kimoja kwenda kingine ili wawe na hakika kwamba siku ya janga wataweza. Wahariri huona tangazo mapema kwamba kwa muda mfupi hawataweza kuhifadhi. Wasomaji hawaoni tofauti yoyote.

Utaratibu wao ni somo. Kwanza programu yenyewe, MediaWiki, huwekwa katika hali ya kusoma tu, ili mhariri apewe ujumbe wa kueleweka na si kosa la 1290. Kisha hifadhidata kuu hufungwa kwa read_only, kwa ajili ya chochote kilichopenya. Kisha wanasubiri upande wa pili ufikie mabadiliko ya mwisho. Ndipo wanahamisha, wanafungua hifadhidata upande mpya, na mwisho wanaifungua programu. Kufuli ya programu ni kwa ajili ya watu, ya hifadhidata ni kwa ajili ya data, na hakuna wakati ambapo pande zote mbili zinapokea mabadiliko.

Linganisha na kilichowapata GitHub tarehe 21 Oktoba 2018. Katika matengenezo ya vifaa vya mtandao, mawasiliano na kituo chao cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Programu ya Orchestrator, inayosimamia seva zao za MySQL, ilifanya kazi iliyoagizwa: ikapandisha cheo seva za magharibi. Lakini mashariki kulikuwa na mabadiliko ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamefika magharibi, na magharibi nako kukaanza kupokea mapya. Kila upande ukawa na data isiyokuwepo upande mwingine. Walichagua kulinda data badala ya kuharakisha, na huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Katika uhamisho uliopangwa unafunga kabla ya kufungua. Katika ule wa dharura mtu wa kufunga upande wa zamani hafikiki, na hilo ndilo linalofanya hali ya kuanzia ya seva kuwa jambo zito.

Maana SET GLOBAL hudumu mpaka seva izimwe tu. Seva kuu ya zamani ikianguka, replika ikachukua nafasi yake, kisha ile ya zamani ikawaka yenyewe umeme uliporudi, itawaka ikiwa katika hali gani? Kama faili la usanidi halisemi lolote, itawaka ikiwa tayari kuandikwa, na programu yoyote inayokumbuka anwani yake itaanza kuiandikia. Ndiyo maana naamini kila seva, hata ile kuu, inapaswa kuwaka ikiwa imefungwa, super_read_only ikiwa imeandikwa kwenye faili, na kufunguliwa na mtu au programu iliyohakikisha kwamba hakuna nyingine iliyofunguliwa. Replikesheni ya makundi ya MySQL hufanya hivyo yenyewe: seva zisizo kuu hukaa na super_read_only bila kuombwa.

Kusoma nako ni nguvu

Kuna usemi unaozunguka maofisini, "mpe tu, ni wa kusoma", kana kwamba kusoma hakuwezi kudhuru. Hapa ndipo haki zinapofanya kazi ambayo hali haiwezi.

OpenMRS ni mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, na huhifadhi data zake kwenye MySQL. Mtafiti anayehesabu vipimo anahitaji jedwali la obs (vipimo na maelezo) na la encounter (mahudhurio). Hahitaji person_name, lenye majina, wala person_address, lenye anwani. Ukimpa SELECT ON openmrs.* kwenye replika iliyofungwa barabara, hataweza kubadilisha herufi moja, lakini anaweza kuondoka na jina la kila mgonjwa pamoja na majibu yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria hizo zinamlinda mgonjwa, na mgonjwa hajali kama seva ilikuwa katika hali ya kusoma tu pale siri yake ilipotoka.

Haki za safu wima zipo kwa ajili hii:

GRANT SELECT (person_id, gender, birthdate) ON openmrs.person TO 'utafiti'@'10.0.0.%';

Baada ya hapo SELECT * itakataliwa, na mtafiti atalazimika kutaja anachohitaji, jambo ambalo ni jema lenyewe. Hata hivyo jedwali la obs lina safu ya value_text, ambamo wahudumu huandika maelezo huru, na ndani ya maelezo huru majina huingia. Hakuna GRANT inayosoma yaliyomo. Hapo unahitaji kumnyima safu hiyo, au kumwandalia mtazamo (jedwali la kutazamia tu, linalotokana na jingine) usiokuwa nayo.

Msomaji pia anaweza kuilemea seva. Amri moja iliyounganisha majedwali makubwa bila sharti la kuunganisha hula kumbukumbu na diski mpaka wengine wakwame. MySQL ina max_execution_time kwa amri za SELECT, PostgreSQL ina statement_timeout. Akaunti za ripoti ziwekewe kikomo, ingawa katika zote mbili kikomo hiki nacho mtumiaji anaweza kujibadilishia, kama kile cha default_transaction_read_only.

Kuijua seva yako leo

Kwenye MySQL maswali matatu yanatosha kuanza:

SELECT @@read_only, @@super_read_only;

SELECT user, host FROM mysql.user WHERE Super_priv = 'Y';

SHOW GRANTS FOR 'programu'@'10.0.0.%';

La pili ndilo linaloshtua watu. Katika 8.0 usiishie hapo, kwa kuwa CONNECTION_ADMIN haionekani kwenye safu ile. Ipo kwenye jedwali la mysql.global_grants. Kwenye PostgreSQL, pg_is_in_recovery() itakuambia kama uko kwenye replika.

Kisha jaribu. Tumia akaunti ile ile ya programu, si yako, iingie kwenye replika na ijaribu kuongeza rekodi katika jedwali la majaribio. Namba ya kosa itakueleza nani amezuia. Ikija 1290, hali ya seva ndiyo iliyozuia. Ikija 1142, akaunti imenyimwa haki, na bado hujathibitisha kwamba hali imewashwa. Kagua hilo peke yake. Kwenye PostgreSQL mgawanyo ni huo huo: 25006 ni hali, 42501 ni haki. Na ikiwa rekodi imeingia bila kosa lolote, ifute kwa uangalifu ukiwa umezima kwanza uandishi wa kumbukumbu za mabadiliko kwa muunganisho wako, kisha rudi kwenye ile amri ya GRANT utazame nyota zake.